Sanduku la Kanga la Mama

Mama yangu alikuwa na sanduku la mvule lililopigwa njumu za shaba, alilokuja nalo kutoka kwao Pangani siku alipoolewa. Ndani yake mlikuwa na kanga tupu. Sisi watoto tulizijua chache tu, zile za juu alizozizungusha kwa zamu, za kwendea sokoni na za kwendea matangani. Zilizokuwa chini hatukuziona, ingawa zilikuwa humo siku zote, zimekunjwa vizuri na kutiwa harufu ya asumini. Na kanga, kama ujuavyo ndugu msomaji, ina jina lake lililoandikwa chini. Ikikunjwa, jina halisomeki. Halikufutika, ila halisomeki.

Nimefundisha Baiolojia katika shule za sekondari kwa miaka 31, na sikuwahi kudhani kwamba lile sanduku lingekuja kunisaidia kueleza jambo ambalo vitabu vyangu vya chuo havikunieleza. Tena sikudhani kwamba nikilieleza jambo hilo ningelazimika kusema na lingine, ambalo nilikuwa nimelinyamazia tangu ujana wangu.

Binti yetu wa kwanza alizaliwa mwaka 1989. Alikuwa mtoto mnene, mcheshi, na majirani walimwita bonge. Mama alikuwa akimpakata jioni barazani na kumsifu hata mke wangu akiogopa jicho la watu. Miezi saba ya kwanza hakuugua hata mafua ya maana. Kisha usiku mmoja alianza kulia kilio ambacho hatukuwa tumekisikia, na kulipokucha tuliona viganja na nyayo zake vimevimba, vimekaza kama mkate uliojaa hewa. Tulimpeleka hospitali. Baada ya vipimo daktari alituketisha akatuambia kwamba mtoto ana selimundu.

Habari ilifika kwa jamaa kabla sisi hatujafika nyumbani. Dada yangu mkubwa hakuzunguka. Alisema mbele ya mke wangu, "Kwetu hakuna damu mbovu. Maradhi haya yamekuja na mgeni." Mke wangu aliniangalia. Alikuwa akingoja niseme neno. Sikusema.

Wiki ile ile nilisimama mbele ya wanafunzi wa kidato cha nne na kuchora ubaoni miraba minne. Baba amebeba chembe ya urithi ya selimundu, hana dalili. Mama naye amebeba, hana dalili. Kila mtoto wao, nikaandika kwa chaki, ana nafasi moja katika nne ya kupata ugonjwa, kwa kuwa ni lazima apokee jeni yenye kasoro kutoka pande zote mbili. Nilipata maswali mazuri na nikayajibu vizuri. Nilirudi nyumbani nikamkuta mke wangu anakanda miguu ya mtoto kwa maji ya uvuguvugu, macho yamemvimba, nikauliza kama kuna chai.

Na nilijua zaidi ya miraba. Nilikuwa na kaka aliyenitangulia, akafariki mimi nikiwa na umri wa miaka minne. Kumbukumbu yangu kwake ni moja tu: amelala mkekani, mikono yake imefungwa majani ya mbarika kwa sababu ya uvimbe. Nyumbani hakutajwa. Wakubwa walipoulizwa walisema ni dege, au ni mambo ya watu. Mimi nilipofika chuoni na kusoma habari za selimundu nilielewa siku ile ile ni nini kilichomuua. Sikumwambia mtu.

Miaka ikapita. Binti yetu alikua kwa taabu ambayo wazazi wa watoto hawa wanaifahamu: vidonge vya foliki, maji mengi, chandarua, kukimbizana hospitali usiku, kutafuta ndugu wa kuchangia damu. Alikosa mitihani, akairudia, akafaulu, akawa karani wa hesabu. Mwaka 2016 daktari wake alimwanzishia dawa iitwayo haidroksiyurea. Jumapili moja alikuja na kisanduku cha dawa mkononi akaniuliza:

"Baba, daktari anasema dawa hii inarudisha damu ya utotoni. Hiyo damu ilikwenda wapi? Kwani kitu kilichokwisha kinarudi?"

Nilimwambia anipe muda. Nilichokuwa nimekifundisha kwa miaka 31 hakikutosha kumjibu. Nikaanza kusoma upya, kwa miwani na kamusi.

Kipande cha kwanza cha jibu ni cha zamani. Mwaka 1948 daktari wa watoto wa New York, Janet Watson, aliona kwamba damu ya watoto wachanga wenye selimundu haijikunji kuwa umbo la mundu kwa wingi kama ya wakubwa. Alifikiri kwamba inawakinga hemoglobini ya tumboni, ile ambayo mtoto huitumia kuvuta oksijeni kutoka kwa mama yake kabla hajazaliwa. Alifikiri sawasawa. Hemoglobini ya mtu mzima imejengwa kwa minyororo miwili ya alfa na miwili ya beta. Ya tumboni ina alfa mbili, lakini mahali pa beta pana minyororo ya gama. Kasoro ya selimundu ni herufi moja tu iliyobadilika katika jeni ya beta. Mtoto anayetumia gama hana haja na beta, kwa hiyo kasoro yake haimdhuru. Katika miezi ya kwanza gama hupungua, beta huchukua nafasi, na hapo ndipo viganja huanza kuvimba. Ndiyo ile miezi saba ya ubonge wa binti yangu.

Basi jeni ya gama ilikwenda wapi? Haikwenda popote. Ipo kwenye kromosomu ya 11, jirani kabisa na ile ya beta, katika kila seli ya mwili wake yenye kiini, na itakuwapo mpaka siku ya kufa. Ila imekunjwa.

Hapa ndipo nilipoona nimewafundisha wanafunzi wangu nusu. Nilikuwa nikichora DNA kama ngazi iliyosokotwa, imesimama peke yake kwenye ubao mweusi, kana kwamba mtu yeyote anaweza kuifikia na kuisoma. Katika seli haiko hivyo. DNA ya seli moja ya mtu ikinyoshwa ina urefu wa kama mita mbili, na kiini kinachoihifadhi hakionekani kwa macho matupu. Haiwezi kuingia humo bila kukunjwa. Mwaka 1974 Roger Kornberg alipendekeza namna inavyokunjwa: kuna protini ziitwazo histoni, nane zikishikana hufanya kitu kama kigurudumu cha uzi cha cherehani, na DNA huzunguka juu yake kwa mizunguko isiyotimia miwili, kisha huendelea hadi kigurudumu kingine. Mwaka 1997 wanasayansi wa Zurich walitoa picha yake kamili, wakaonyesha jozi 146 za herufi zimejiviringisha kwenye kila kimoja. Vigurudumu hivyo huitwa nukleosomu, na seli moja ina kama milioni 30. DNA pamoja na protini hizo zinazoikunja ndiyo inayoitwa kromatini.

Sasa jeni haijisomi yenyewe. Zipo protini ambazo kazi yake ni kutafuta maneno fulani mafupi kwenye DNA, kujishikiza hapo, na kuanzisha unukuzi, yaani kutolewa kwa nakala itakayotumika kutengeneza protini nyingine. Mimi nikiwaza huziita wasomaji. Katika seli changa za uboho, ambamo chembe nyekundu za damu huzaliwa, msomaji mkubwa huitwa GATA1, kwa sababu neno analolitafuta lina herufi hizo nne, G, A, T, A. Neno fupi namna hiyo limo katika DNA yetu mara mamilioni. Lakini GATA1 hukutwa amejishikiza kwenye sehemu ndogo tu ya mahali hapo pote. Kwingine neno lipo, tena limeandikwa barabara, lakini limelala ndani ya mkunjo, limeviringwa kwenye histoni, na msomaji hupita juu yake kama mgeni anayepita mbele ya sanduku lililofungwa.

Ushahidi ulionipendeza kuliko wote ulitokana na kuku. Chembe nyekundu za kuku, tofauti na zetu, hukaa na kiini chake. Mwaka 1976 Harold Weintraub na Mark Groudine walichukua viini hivyo wakavitia kimeng'enya kinachokata DNA popote kinapoweza kuifikia. Jeni za globini, zile zinazotengeneza hemoglobini, zikakatwa upesi. Walipofanya vivyo hivyo kwa seli za kuku zisizotengeneza damu, jeni zile zile hazikukatwa upesi hivyo. Herufi ni zile zile na kuku ni yule yule. Tofauti ilikuwa katika ukunjaji. Penye kazi palikuwa pamelegezwa, pasipo na kazi palibanwa.

Na ukunjaji huo haukushonwa moja kwa moja. Histoni zina mikia inayochomoza nje, yenye chaji ya kuvutana na DNA. Vincent Allfrey na wenzake, kule New York mwaka 1964, walionyesha kwamba seli hubandika kwenye histoni vijialama vya kemikali, vya asetili, na kwamba vinahusiana na kusomwa kwa jeni. Penye alama hizo mvutano hupungua na mkunjo hulegea, zikiondolewa hubana tena. Wapo pia wasomaji wachache wenye uwezo wa kujishikiza hata kwenye DNA iliyoviringwa na kuwafungulia wenzao njia. Kwa hiyo kila seli ina sanduku zima, lakini seli ya ini hufungua kanga zake, ya jicho zake, na ya uboho zake.

Jeni ya gama hufungwaje? Mwaka 2008 Vijay Sankaran, Stuart Orkin na wenzao huko Boston walionyesha kwamba protini iitwayo BCL11A ndiyo inayoinyamazisha kwa sehemu kubwa. Ilipofika mwaka 2018 ilikuwa imejulikana hata mahali inapojishikiza, kando tu ya jeni yenyewe. Ikisha kukaa hapo, huwaita wenzake wanaofuta zile alama za asetili, na mkunjo hubana. Lakini kwamba mkunjo huo unaweza kulegezwa lilikuwa limejulikana zamani: mwaka 1982 madaktari wa Marekani walitumia dawa inayopunguza alama nyingine za kemikali, zilizobandikwa kwenye DNA yenyewe, na jeni ya gama ikaanza kusomwa tena katika mwili wa mtu mzima. Dawa ya binti yangu hupita njia nyingine. Huzuia kidogo kasi ya seli za uboho kugawanyika, nao uboho katika kujitetea hutoa chembe zenye hemoglobini ya tumboni nyingi zaidi. Kilichokwisha hakirudi. Hiki hakikuwa kimekwisha.

Alipokuja Jumapili nyingine nilikuwa tayari. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na sanduku lake lilikuwa chumbani kwetu, halijafunguliwa tangu arobaini. Nikalivuta katikati ya chumba, mke wangu akiwa ameketi kitandani anapeta mchele, nikamwambia binti yangu, "Tazama." Nikatoa kanga za juu, nikamsomea majina yake. Nikamwonyesha zilizokunjwa chini, ambazo jina lake halionekani. Nikamweleza kuhusu vigurudumu vya histoni, na GATA1, na yule mfungaji BCL11A. Alielewa upesi kuliko wanafunzi wangu wengi. Akaanza kuzitoa mwenyewe, moja moja, akisoma. Chini kabisa alikuta kipande cha kanga kilichochakaa, cha kubebea mtoto, na ndani yake shanga nyeusi za mkononi, ndogo mno.

"Hizi za nani, Baba?"

Ningeweza kusema sijui. Nilikuwa na mazoezi ya kutosha. Lakini nilikuwa nimetoka kusema, kwa kinywa changu, kwamba kisichosomeka si kwamba hakipo. Nikamwambia kuhusu kaka yangu, na majani ya mbarika, na siku niliyoelewa chuoni. Kisha nikamgeukia mke wangu nikamwambia kwamba siku ile dada yangu aliposema kwetu hakuna damu mbovu, mimi nilijua kwamba si kweli, na nilijua tangu zamani.

Ungo ulikoma mkononi mwake. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Miaka 27." Hakusema zaidi siku ile. Akainua ungo wake akatoka uani. Wengine wangependa niandike kwamba alinisamehe pale pale. Sivyo ilivyokuwa. Alinisamehe kidogo kidogo, na zipo siku ninazoona kwamba bado anaendelea.

Nimetafakari sana tofauti iliyopo kati ya mkunjo wa seli na mkunjo wangu, kwa kuwa mfano haufai kuvutwa hata ukakatika. Seli haikunji kwa woga. Lau jeni zote zingesomwa mahali pote kwa wakati mmoja, pasingekuwa na ini wala jicho wala damu, pangekuwa na vurugu tu. Kukunja ni nusu ya uhai. Hata kasoro yenyewe ya selimundu haikuwekwa kwa uovu. Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba wale waliobeba jeni hiyo kwa upande mmoja hukingwa na malaria kali. Bila shaka wapo wazee wetu wa pwani waliookoka kwa sababu yake, ndiyo maana Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wa selimundu duniani. Hakuna damu mbovu. Kuna damu iliyotulinda kwa bei fulani, na bei hiyo wanailipa watoto. Mimi nilikunja kwa woga na kwa kiburi, na bei nikamwachia mke wangu ailipe.

Mwishoni mwa mwaka 2023 Uingereza, kisha Marekani, ziliidhinisha tiba mpya ya ugonjwa huu. Huchukua seli za uboho za mgonjwa na kuzikata kwa ustadi mahali pamoja, ndani ya jeni ya BCL11A yenyewe. Mahali hapo ndipo GATA1 hujishikiza ili kuiamsha katika seli zinazozaa chembe nyekundu. Msomaji akikosa pa kujishikiza, mfungaji haamki, na gama husomwa tena. Seli hizo hurudishwa mwilini baada ya uboho wa zamani kuondolewa kwa dawa kali. Bei yake huko Marekani ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2. Binti yangu aliposikia alicheka mpaka akashika ubavu. Akasema, "Basi, Baba, mimi na kidonge changu." Na kidonge hicho si cha kudharau. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya watoto zaidi ya 600 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda waliokitumia, na ilionekana kwamba maumivu yalipungua, malaria ilipungua, haja ya kuongezewa damu ilipungua, na vifo vilipungua. Yeye mwenyewe, tangu aanze, amelazwa mara mbili tu. Zamani ilikuwa mara mbili kwa mwaka wenye heri.

Nilikwenda pia kwa dada yangu. Ni mzee sasa, na alinipokea kwa kahawa. Nilipomtajia marehemu kaka yetu aliinamisha kichwa. Yeye alikuwa na umri wa miaka kumi mtoto yule alipofariki, ndiye aliyekuwa akichuma majani. Alikuwa akijua kama nilivyojua mimi, ila hakuwa na jina la kulipa lile alilolijua. Tulikaa mpaka kahawa ikapoa. Mwaka uliofuata mjukuu wake alipoposwa, ni yeye dada, si mimi mwalimu, aliyesema mbele ya wazee wa pande zote mbili kwamba vijana wapime kwanza, kwa sababu katika ukoo wetu selimundu ipo.

Mke wangu alikuwa ameketi upande wa wanawake. Aliinua macho akaniangalia, kama alivyoniangalia siku ile ya mwaka 1990. Safari hii nilisimama nikasema, "Ni kweli. Ipo. Na katika nyumba yangu ilitoka kwangu kama ilivyotoka kwa mwenzangu."

Kile kipande cha kanga hatukukirudisha chini ya sanduku. Binti yetu alikifua, akakianika uani, na sasa kipo kwake, juu ya meza yake ya kazi, pamoja na zile shanga.